Barua ya Kukataliwa Siyo Hukumu ya Mwisho: Rufaa za Fidia ya Ulemavu kwa Askari wa Zamani

Ifuatayo ni hotuba ya dawati letu la huduma za jamii kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili wanaohudumia jumuiya za wasemaji wa Kiswahili nchini Marekani. Imefupishwa kidogo.



Katika mkutano uliopita mjumbe mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengine nadhani mlikuwa nalo moyoni. Alisema ameona katika taarifa ya mapato na matumizi kwamba sehemu ya fedha za huduma kwa familia imelipia mafuta ya gari, tafsiri na nakala za vyeti vya hospitali kwa ajili ya watu waliokuwa askari. Akauliza: askari wa Marekani ana serikali yenye uwezo, sasa kanisa la wahamiaji linaingiaje hapo? Swali ni la haki, na leo tumekuja kulijibu.

Tuanze na sisi wenyewe. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani kabla ya kuwa raia, na vijana wetu wengi walipita mlango huo. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 kulikuwa pia na mpango maalumu wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, na Kiswahili kiliwahi kuwamo katika orodha hiyo. Walipovaa sare tuliwapigia vigelegele hapa kanisani. Picha zao ziko katika sebule za mama zao, nyingine zimetumwa hadi Eldoret na Moshi. Waliporudi, mmoja hasikii vizuri, mwingine mgongo umeharibika, mwingine anaamka usiku akipiga kelele, tuliwaombea. Karatasi tuliwaachia wapambane nazo peke yao.

Malipo tunayozungumzia hutolewa na Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi kama VA. Si sadaka wala pensheni ya uzee. Ni fidia kwa madhara yaliyotokana na utumishi, na haitozwi kodi ya mapato. Uraia siyo sharti. Linaloangaliwa ni kwamba mtu alitumikia na hakuachishwa jeshi kwa aibu. Kisha anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana ulemavu au ugonjwa sasa, kwamba jambo fulani lilitokea akiwa jeshini, na kwamba hilo la pili ndilo lililoleta la kwanza. Madai mengi tuliyoyaona yakikataliwa yaliangukia katika hilo la tatu.

Ulemavu hupimwa kwa asilimia, makumi kwa makumi. Mwaka 2025 mwenye asilimia 10 alilipwa dola 175.51 kwa mwezi, mwenye asilimia 30 bila mtegemezi dola 537.42, na mwenye asilimia 100 bila mtegemezi dola 3,831.30. Kuanzia asilimia 30 mke na watoto nao huongezwa katika hesabu. Niseme hapa kwamba hesabu yenyewe si ya sokoni. Hamsini na thelathini hazifanyi themanini. Huchukuliwa kwanza hamsini. Iliyobaki ya afya yako ni hamsini, na thelathini ya hiyo ni kumi na tano. Jumla sitini na tano, nayo husogezwa hadi sabini. Tumeshuhudia ugomvi mkubwa katika familia kwa sababu tu mtu alijumlisha kwa vidole.

Sasa tuwaeleze habari ya kijana mmoja, ambaye ametupa ruhusa kuisimulia bila kumtaja jina. Alikuwa fundi wa magari jeshini na alipelekwa Djibouti. Aliporudi uraiani alidai fidia ya mlio wa masikio na ya mgongo. Masikio alipewa asilimia 10. Mgongo ukakataliwa. Barua ile aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka ndani ya kabati. Mama yake ndiye aliyeikuta wakati wa usafi, akaja nayo baada ya Misa ya pili, ikiwa ndani ya Biblia. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Wanangu, hii ni barua ya mahakama?"

Kijana mwenyewe aliamini hivyo. Alikotoka, karatasi yenye nembo ya serikali ikisema hapana, ni hapana. Na alikuwa na aibu. Alituambia kwamba askari halilii, na kwamba akirudi kubishana ataonekana mtu wa kuomba omba.

Tulipoisoma barua tulikuta mambo mawili. La kwanza, tarehe: ilikuwa na miezi kumi na moja. La pili, kwamba barua hizi zina sehemu inayotaja mambo yaliyokubaliwa kwa upande wa mdai, na mambo hayo kwa kawaida humfunga hata afisa atakayepitia shauri baadaye. Katika barua yake ilikubaliwa kwamba ana ugonjwa wa mgongo. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba uliumia jeshini. Na kweli haukuwepo. Alipoanguka kutoka juu ya lori hakwenda zahanati ya kikosi. Alimeza vidonge akaendelea na kazi. Hatuwezi kumlaumu aliyeamua shauri lile kwa karatasi alizokuwa nazo mezani.

Hapa ndipo tunawaomba wajumbe wa kamati mtusikilize kwa makini zaidi, maana haya mtaulizwa.

Tangu Februari 19, 2019 rufaa hizi zinafuata sheria iliyopitishwa mwaka 2017. Anayepokea uamuzi asiokubaliana nao ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, na ana njia tatu mbele yake. Kama ana ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe, anawasilisha dai la nyongeza kwa fomu namba 20-0995. Kama hana ushahidi mpya lakini anaona afisa alikosea kusoma uliokuwepo, anaomba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Pale afisa mwenye cheo zaidi anaanza upya kulisoma faili, na mdai au mwakilishi wake anaweza kuomba kuzungumza naye kwa simu, ila karatasi mpya hazipokelewi. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182, mbele ya jaji, kwa kusomewa faili tu, au kwa kuongeza ushahidi ndani ya siku 90, au kwa kusikilizwa ana kwa ana au kwa video. Bodi huchukua muda mrefu kuliko njia mbili za kwanza. Ikikataa, ipo mahakama maalumu ya rufaa, na huko muda ni siku 120, siyo mwaka.

Mahakama hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya hapo askari aliyekataliwa fidia hakuwa na mahakama ya kupeleka uamuzi huo ukapitiwe, na sheria ya mwaka 1864 iliyomzuia wakili kutoza zaidi ya dola 10 ilikuwa bado inatumika. Kwa hiyo wazee wanaotuambia kwamba "zamani ukikataliwa umekataliwa" hawakosei sana. Wanachosimulia kilikuwa kweli wakati wao.

Kwa nini huo mwaka mmoja ni muhimu hivyo? Dai la nyongeza linaweza kupelekwa hata baada ya mwaka. Lakini likipelekwa ndani ya mwaka, mdai hulinda tarehe ya dai lake la kwanza, na akishinda, kwa kawaida hulipwa malimbikizo tangu tarehe hiyo. Akichelewa kwa juma moja tu, hesabu huanza upya siku aliyorudi. Kwa familia inayolipa kodi ya nyumba na kutuma karo nyumbani, tofauti ni kubwa mno. Kijana wetu alikuwa amebakiwa na wiki chache.

Hatukuandika dai lake sisi. Hilo tulisisitize: sheria inataka anayeandaa madai ya watu awe ameidhinishwa na VA. Wapo wawakilishi walioidhinishwa kupitia vyama kama American Legion, Disabled American Veterans na Veterans of Foreign Wars, na katika majimbo mengi wapo maafisa wa kaunti wanaofanya kazi hiyo. Hawatozi chochote. Kazi yetu ilikuwa kumtafutia mwakilishi, kumpeleka, kukaa naye, na kukusanya alichotumwa kukusanya.

Mwenzake wa kikosini, anayeishi jimbo lingine, aliandika ushahidi wa siku ile ya lori. Daktari wake wa kila siku alisoma faili lote na kuandika barua. Mnajua madaktari huandika "huenda" na "inawezekana"; maneno hayo hayasaidii. Kinachotakiwa ni daktari aseme, kama ndivyo anavyoamini, kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni nusu kwa nusu au zaidi, na atoe sababu. Sheria yenyewe inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana katika mizani, askari ndiye anayepewa. Si lazima athibitishe bila shaka yoyote kama katika kesi ya jinai.

Na mama yake alitoa ushahidi. Alituuliza kama serikali itamsikiliza mtu asiyejua Kiingereza. Tulimwambia aseme kwa Kiswahili alichokiona kwa macho yake, sisi tutatafsiri na mtafsiri ataweka sahihi yake. Alisema kijana wake kabla ya jeshi ndiye aliyekuwa akiwafunga wadogo zake kamba za viatu asubuhi wakienda shule. Sasa mdogo wa mwisho ndiye humfunga yeye. Alisema anamkuta amelala sakafuni kwa sababu kitanda kinamuumiza. Ushahidi wote ulikuwa nusu ukurasa, na hakuna neno la kitabibu hata moja ndani yake.

Kabla hajaitwa kwa uchunguzi wa pili wa daktari tulikaa naye jioni nzima, kwa sababu ya kilichotokea katika ule wa kwanza. Daktari alipoingia alimwuliza habari yake. Naye, kama alivyolelewa, akajibu kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Sisi sote tungejibu hivyo. Mtu anaweza kuwa amelazwa na bado akakwambia "sijambo kidogo". Katika taarifa ya uchunguzi likaandikwa kwamba mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Halafu alipoambiwa ainame, aliinama kwa nguvu zote akikaza meno, kama aliyeamriwa na sajenti. Mgongo hupimwa kwa pembe: anayeweza kuinama zaidi ya nyuzi 60 lakini asipite 85 huingia katika asilimia 10, na anayeishia kati ya 30 na 60 huingia katika asilimia 20. Daktari anatakiwa pia kuandika maumivu yanapoanzia, lakini hawezi kuyaandika kama mtu ameyameza.

Hatumfundishi mtu kusema uongo, wala kujikunja zaidi ya anavyoumwa. Anayefanya hivyo anawaharibia wengine na anaweza kushtakiwa. Tulimwambia tu kwamba chumba kile si mahali pa kusalimiana kwa heshima za nyumbani: aeleze na siku mbaya, siyo siku nzuri peke yake, na aishie pale maumivu yanapomzuia. Vilevile asikose kwenda. Asiyefika kwenye uchunguzi bila sababu ya msingi anaweza kupoteza dai lake, na katika kazi yetu sababu kubwa tuliyokutana nayo ni watu kuhama nyumba bila kubadilisha anwani yao VA.

Mgongo ulikubaliwa, asilimia 20. Pamoja na masikio, kwa ile hesabu tuliyowaeleza, inakuwa ishirini na nane, ikasogezwa hadi thelathini. Kwa hiyo mkewe na watoto wake wawili wakaingia katika hesabu, na malimbikizo yakalipwa tangu dai la kwanza. Alileta shukrani kanisani. Mama yake alileta ndizi.

Hatutaki mwondoke hapa mkidhani mambo huisha hivyo kila mara. Kuna mambo tunalazimika kuyasema ingawa hatupendi.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alifariki dunia rufaa yake ikiwa bado Bodi. Baada ya mazishi mjane wake alituuliza afanye nini na yale makaratasi. Tulimjibu, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba shauri la marehemu huzikwa naye. Tukamwombea, tukamwambia apumzike. Haikuwa kweli. Sheria inamruhusu mjane, au ndugu mwingine anayestahili, kuomba aingie mahali pa marehemu na kuliendeleza shauri lile lile kutoka lilipofikia. Ila aombe ndani ya mwaka mmoja tangu kifo. Tulipolijua hilo, kutoka kwa mwakilishi tuliyekwenda kumwona kwa shauri la mtu mwingine, mwaka ulikuwa umepita.

Tulikwenda nyumbani kwake kumweleza. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Basi, wanangu, msimwambie mwingine hivyo." Amesaidiwa kufungua dai la malipo ya wajane, ambalo ni shauri la peke yake, na bado anasubiri. Tumeandika kosa hili katika taarifa yetu kwa wafadhili kwa sababu fedha zenu ndizo zilizolipa nauli ya kumpelekea ushauri mbaya.

Tangu siku hiyo tumejiwekea kanuni: swali lolote la sheria haliishii kwetu, linapelekwa kwa mwakilishi aliyeidhinishwa juma hilo hilo.

Jambo jingine ni wale waliokataliwa zamani wakakata tamaa. Sheria iliyotiwa saini Agosti 10, 2022, inayoitwa PACT, imebadilisha hali ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na hewa chafu ya vitani. Kwa magonjwa yaliyoorodheshwa, yakiwemo pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi na saratani kadhaa, mdai hatakiwi tena kuthibitisha kile kiungo cha tatu. Inatosha kwamba alikuwa mahali palipotajwa katika kipindi kilichotajwa. Na mahali hapo si Iraki na Afghanistani tu. Djibouti imo, Somalia imo, Omani imo. Aliyekataliwa kabla ya sheria hiyo anaweza kurudi na dai la nyongeza, kwa sababu sheria yenyewe imebadilika. Tafadhali litangazeni hili katika jumuiya ndogo ndogo. Tunao wanaume watu wazima wanaokohoa Misa nzima na hawajui kwamba mlango uliofungwa umefunguliwa.

Waliorudi nyumbani Kenya au Tanzania pia wasidhani wamepoteza haki. Fidia humfuata mtu anakoishi, na upo mpango wa VA unaogharamia matibabu nje ya Marekani kwa ugonjwa uliokubaliwa kuwa umetokana na utumishi.

Mtutahadharishie watu na wanaowapigia simu wakiahidi asilimia 100. Hakuna anayeruhusiwa kisheria kutoza fedha kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Mawakili wazuri wapo, na kwa shauri lililofika mahakamani tunawashauri watu wawatafute. Lakini anayetaka mshahara wa miezi kadhaa ya fidia ijayo, au neno la siri la akaunti yako, huyo mkimbieni.

Na kwa wale wenye majeraha ya moyo, wanaoamka usiku: rufaa inaweza kusubiri hadi Jumatatu, mtu hawezi. Simu ya dharura ya askari wa zamani ni 988, kisha unabonyeza 1, usiku na mchana. Wekeni namba hiyo kwenye mbao za matangazo.

Tunaomba mambo matatu kwenu. Kila kamati itupatie watu wawili: kijana anayeweza kompyuta, na mzee au mama anayeaminika kiasi kwamba mtu atamkabidhi bahasha ambayo hajamwonyesha hata mke wake. Tutawafundisha kusoma barua ya uamuzi, kwanza tarehe, kisha yaliyokubaliwa, kisha yaliyokosekana, na kumpeleka mtu kwa mwakilishi. Hawataandika madai. Pili, tunaomba mmoja au wawili kati ya watu wetu wajiunge na mojawapo ya vyama tulivyovitaja ili waidhinishwe wenyewe, kwa kuwa hadi sasa tunategemea wawakilishi wasiojua Kiswahili, na mama kama yule wa ushahidi wa viatu lazima apitie kwa mkalimani. Tatu, kwa wafadhili: fungu la tafsiri na barua za madaktari limekwisha. Tuna watu ambao mwaka wao unaisha kabla ya Pasaka, na orodha yao, bila majina, ipo kwa mhazini kwa atakayetaka kuiona.

Baba Paroko ametuambia ukumbi uko wazi Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Mwenye barua aje nayo, hata kama haijafunguliwa, pamoja na bahasha yake. Sasa tuko tayari kwa maswali.